Darasa la bunduki la Rwampara

Tarehe 12 Februari 2003 Thomas Lubanga Dyilo, rais wa kundi la wapiganaji la UPC, alikwenda kukagua kambi ya mafunzo ya Rwampara, mwendo mfupi kutoka mjini Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo. Alifuatana na wakuu wa jeshi lake, Bosco Ntaganda akiwamo, na mpiga video alikuwapo. Mkanda unamwonyesha Lubanga akiwahutubia kuruta, akiwatia moyo, akiwaambia kwamba wakimaliza mafunzo watapewa silaha na kupelekwa kulinda raia. Baadhi ya wanaomsikiliza ni watoto. Hilo halihitaji jicho la mtaalamu.

Miaka tisa baadaye mkanda huo ulikuwa miongoni mwa nguzo za hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Kwa hiyo umezungumzwa sana kama ushahidi wa umri, na nitafika huko. Kwanza nataka tuusome kwa namna ambayo wanasheria hawakuwa na sababu ya kuusoma, yaani kama somo. Kwa sura ya nje, Rwampara palikuwa na mafunzo ya bunduki kwa watu wanaoanza. Mafunzo ya aina hiyo yana ufundi wake na mpangilio wake, na ukiujua mpangilio huo, utaona kwa haraka ni nini kilichoachwa, na kwa nini.

Kipimo nitakachotumia kinatoka mbali. Huko Marekani, tangu 2006, upo mpango uitwao Project Appleseed unaofundisha raia kulenga shabaha kwa bunduki, Jumamosi na Jumapili, baba na mama na watoto wakilala kifudifudi kwenye mstari mmoja. Una siasa yake: katikati ya mazoezi wanafunzi husimuliwa habari za tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vya kupigania uhuru wa nchi hiyo vilipoanza. Siasa hiyo naiacha kwa wenyewe. Kinachonivutia ni jinsi somo lilivyopangwa.

Shabaha huwekwa mita 25 tu kutoka kwa mlengaji. Ili mwanafunzi ajifunze umbali mkubwa bila kuhitaji uwanja mkubwa, picha za shabaha hupunguzwa ukubwa, kiasi kwamba ile ndogo kabisa huonekana kama mtu aliye umbali wa yadi 400. Bunduki inayopendekezwa ni ya risasi ndogo ya .22, yenye kishindo kidogo na teke hafifu, ili anayeanza asijifunze kuogopa kabla hajajifunza kulenga. Mtihani wa mwisho una risasi 40 na alama 250. Anayepata 210 amefuzu. Watu wengi huondoka Jumapili jioni bila kufuzu, na hakuna anayewacheka.

Sababu ya ugumu huo ni hesabu. Bunduki ya kawaida ina alama mbili za kulengea, moja mbele karibu na mdomo wa mtutu, nyingine nyuma karibu na jicho. Katika Kalashnikov, yaani kalashi, umbali kati ya alama hizo ni milimita 378. Jicho likikosea kuzilinganisha kwa milimita moja tu, risasi itakuwa imepotoka zaidi ya sentimita 26 ikifika mita 100, na zaidi ya nusu mita ikifika mita 200. Milimita moja! Mapigo ya moyo yanatosha kuileta, na pumzi ndiyo zaidi. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kusubiri ile nafasi fupi baada ya kutoa pumzi, kukaza macho kwenye alama ya mbele badala ya shabaha, kuvuta kifyatulio polepole bila kukurupuka, kisha kutulia hivyo hivyo hata baada ya mlio.

Lipo zoezi moja ambalo kwangu ndilo moyo wa somo zima. Mwanafunzi hulala, hulenga, hufumba macho, hupumua, kisha hufumbua. Akikuta mtutu umehama, haruhusiwi kuurudisha kwa nguvu za mkono; anatakiwa auhamishe mwili wake wote, nyonga na viwiko, mpaka bunduki ikae yenyewe palipokusudiwa. Akiisukuma kwa misuli, misuli itachoka na kulegea, na ile milimita itarudi. Zoezi hilo halihitaji risasi hata moja, ila linahitaji muda, utulivu, na mwalimu aliye tayari kupiga magoti pembeni ya mtu mmoja.

Kabla ya yote hayo kuna kanuni za usalama, na hizo ndizo zinazomruhusu mtoto kuwapo hapo. Mtutu uelekee upande salama muda wote. Risasi zisiingizwe bundukini mpaka amri itolewe. Kidole kisiguse kifyatulio mpaka alama ziwe juu ya shabaha. Ya nne ndiyo naiona ya busara kuliko zote: hakikisha na walio pembeni yako wanazifuata. Watu wakienda mbele kukagua shabaha, kila bunduki huachwa chini wazi, na kijibendera cha plastiki ndani ya chemba kuonyesha kwamba haina kitu. Mtoto wa miaka kumi anayo haki ya kusimamisha zoezi akiona hatari.

Bunia darasa la namna hii halipo. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka raia awe na kibali, na tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya gavana wa kijeshi. Hata bila hayo, ni familia gani ya Bunia iliyopitia vita vya 2002 na 2003 ingewatoa watoto wake Jumamosi asubuhi kwenda kushika bunduki?

Turudi Rwampara na kipimo chetu mkononi.

Hesabu ya risasi kwanza. Anayekwenda Appleseed huambiwa abebe karibu risasi 400 kwa siku hizo mbili. Kambi yenye kuruta mia moja ingehitaji risasi 40,000 kwa wikendi moja, na hizo ni za kutoboa shabaha za karatasi tu. Kundi la wapiganaji linalonunua risasi kwa dhahabu na ushuru wa barabarani halitoi kiasi hicho kwa karatasi. Mashahidi waliosimulia mafunzo ya Ituri walieleza fimbo zilizoshikwa badala ya bunduki, gwaride, namna ya kupiga saluti, nyimbo za kuchochea, na adhabu kali. Silaha ilikuja mwisho. Katika darasa la wikendi risasi nayo huchelewa, kwa kuwa mwanafunzi bado anajengewa mazoea ya usalama. Rwampara silaha ilicheleweshwa ili iwe zawadi, kama hotuba ya Lubanga inavyoonyesha. Fimbo ilimfundisha mtoto kuitamani.

Halafu kuna uzito. Kalashi iliyojazwa risasi haipungui sana kilo 4. Kwa mtoto wa kilo 35 hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya mwili wake, na akisimama kulenga, mzigo wote unaning'inia mbele, mbali na kifua. Misuli yake haiwezi kuushikilia kwa utulivu kwa dakika mbili, sembuse kwa siku nzima. Somo la kulenga kwa maana yake halisi lingemshinda katika saa ya kwanza, na mwalimu yeyote wa shabaha angemnyang'anya bunduki hiyo na kumpa nyepesi.

Lakini kalashi haikuundwa kwa ajili ya walengaji. Iliundwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya jeshi la Kisovieti, lililojaa vijana walioitwa kwa lazima na kufundishwa kwa muda mfupi. Kitasa chake cha usalama kinasema yote: ukikiteremsha hatua ya kwanza, bunduki inamimina risasi mfululizo, ni hatua ya pili ndiyo inayotoa risasi mojamoja.  Huo si mpangilio wa mlengaji, maana askari mpya aliye karibu na adui huhitaji wingi kuliko usahihi.

Hapo ndipo mpango wa kambi unapoeleweka, na nasema hivi bila kuusifu. UPC iliyouteka mji wa Bunia Agosti 2002 ilihitaji watu wa kusimama vizuizini, kulinda nyumba za wakubwa, kubeba, kushangilia, kukimbia mbele wakati wa shambulio. Kwa kazi hizo zote mtu huwa karibu, mara nyingi mita chache, na ile milimita moja haina maana tena. Kinachotakiwa ni mtu atakayetii bila kuuliza. Kwa hiyo walifundisha utii, na walifundisha kwa ufanisi. Kanuni ya nne, ile inayompa mdogo haki ya kumsimamisha mkubwa, ndiyo hasa ambayo kambi isingeweza kuivumilia hata siku moja. Watu wa Ituri waliwaita watoto hao kadogo, na jina lilibaki hata walipokuwa wamerefuka.

Sasa mahakama. Kesi ilianza kusikilizwa tarehe 26 Januari 2009, na swali lilikuwa moja gumu: nani pale alikuwa chini ya miaka 15, kati ya Septemba 2002 na Agosti 2003? Njia ya kawaida ni cheti cha kuzaliwa. Katika Ituri ya vita, vyeti vilikuwa haba, na kadi za uchaguzi zilizotolewa baadaye ziligongana na madaftari ya shule. Njia ya pili ni mifupa: madaktari hupiga eksirei ya mkono na kulinganisha na kitabu cha picha. Lakini kitabu maarufu cha kazi hiyo, cha Greulich na Pyle, kilitengenezwa kutokana na watoto wa Kimarekani wa miaka ya 1930, waliolishwa vizuri. Kumpima kwacho mtoto wa Djugu, huko Ituri, ni kubahatisha kwa vifaa vya hospitali, na wataalamu wenyewe walikiri mipaka yake.

Njia ya tatu ni kuwauliza. Hapo upande wa mashtaka uliumia. Shahidi wa kwanza alibadili maneno yake siku ileile aliyosimama kizimbani. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya watu waliotumwa kuwatafuta mashahidi huko Ituri waliwaelekeza cha kusema, na majaji wakauweka kando ushahidi wa karibu vijana wote waliojitambulisha kama watoto askari wa zamani. Kesi nyingine ingekufa hapo.

Kilichobaki ni picha. Jaji Adrian Fulford na wenzake wawili, Elizabeth Odio Benito na René Blattmann, walichukua njia iliyo nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Hawakujaribu kukadiria umri wa kila sura. Walijiwekea ukingo mpana wa makosa: yeyote anayeweza kudhaniwa kuwa na miaka 15 au zaidi walimwacha, wakabaki na wale tu ambao ni wadogo kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili angewatilia shaka. Wakaunganisha na maneno ya mashahidi watu wazima waliokuwapo, na mikanda mingine iliyowaonyesha watoto kati ya walinzi wa Lubanga mwenyewe. Mkanda wa Rwampara uliongeza jambo la pili lililohitajika kisheria, kwamba mshtakiwa alijua. Alikuwa amesimama mbele yao akizungumza. Tarehe 14 Machi 2012 akapatikana na hatia, na Julai akahukumiwa miaka 14.

Naiona mbinu hiyo kuwa sahihi, lakini si wote walioikubali. Rufaa ilipokataliwa tarehe 1 Desemba 2014, Jaji Anita Ušacka aliandika maoni ya kupinga: kwa maoni yake, kuwatazama watu wasio na majina kwenye video hakutoshi kumfunga mtu. Hoja yake ina uzito. Mtoto wa mkanda ule hana jina mbele ya mahakama, hana mama aliyekuja kusema alimzaa mwaka gani. Jibu langu ni lile la ukingo mpana. Mlengaji mwenye busara huacha shabaha asizozimudu na kuhesabu zile tu alizozigonga katikati, na majaji waliacha nyingi.

Lubanga alimaliza kifungo Machi 2020. Kabla ya hapo, tarehe 15 Desemba 2017, mahakama ilikadiria deni lake kwa waathirika kuwa dola milioni 10, na kwa kuwa ilishamhesabu kuwa hana mali, kazi ya kutafuta fedha iliangukia Mfuko wa Dhamana kwa Waathirika. Fidia ni ya pamoja, iliyopangwa kutolewa kama huduma: matibabu, ushauri wa kisaikolojia, mafunzo ya kazi na mitaji ya biashara ndogo. Waliochukuliwa wakiwa watoto sasa ni watu wazima, wengi wao wana watoto wao. Ili kuandikishwa, kila mmoja alitakiwa aonyeshe kwamba huenda zaidi alikuwa chini ya miaka 15 alipochukuliwa, na kwa wengi cheti cha kuzaliwa bado hakikuwapo.