Kilele cha Gita kwenye Mfereji wa Sahani

Wapenzi wa okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa fidla, tarumbeta na ngoma linaloongozwa na kondakta mmoja, huzipima sahani za santuri kwa ukimya wake, kwa maana iliyo bora kwao ni ile inayoiacha filimbi moja isikike bila mkwaruzo. Mizani hiyo ingeionea sahani ya benga, muziki wa gita wa Waluo wa Kenya, ambayo katika baa za Homa Bay na Migori ilipaswa kusikika juu ya vicheko na mlio wa chupa, na ambayo ufundi wake unastahili kusifiwa kwa hesabu yake yenyewe.

Sahani kubwa ya okestra huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande hubeba dakika 20 hivi. Ndogo ya benga, yenye upana wa inchi 7, huzunguka mara 45 na hubeba dakika nne au tano tu. Ufupi huo ni neema, kwa sababu besi, yaani sauti nzito, huchonga mawimbi mapana, na mfereji, yaani mchirizi mwembamba ambamo sindano hupita, ukipewa nafasi huweza kuchongwa kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, kadiri sindano inavyosogea katikati ndivyo duara linavyopungua ilhali mzunguko ni uleule, hata mfereji unaopita chini yake kwa sekunde moja, ambao ukingoni ni sentimita 40 hivi, hubaki kama 25 karibu na lebo, na sauti kali hubanana na kukwaruza. Boléro ya Ravel, utunzi wa okestra ambao hupanda polepole hadi mlipuko wa mwisho, huufikia mlipuko huo mahali pabaya kuliko pote.

Benga nayo huweka utamu wake mwishoni, pale mwimbaji anaponyamaza na gita la solo likadonoa noti fupi fupi, kama nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi nane. Wimbo uliozidi kipimo uligawanywa pande mbili. Sahani ikigeuzwa, kilele hicho huanzia ukingoni, penye nafasi. Mgawanyo uliolazimishwa na plastiki ukawa hivyo sehemu ya utunzi, jambo ambalo wachambuzi wa okestra, kwa kulalamikia kila mkato, wasingelitarajia.

Daniel Owino Misiani, mwanamuziki wa benga mzaliwa wa Shirati, kusini mwa mpaka wa Migori, alijenga jina lake kwa sahani hizo ndogo. Phares Oluoch Kanindo, mchapishaji wa muziki aliyepata kuwa mbunge wa Homa Bay, alizisambaza mbali, hata lebo yake ya Sungura ikaupa muziki wa Zimbabwe jina. Anayelinganisha nakala mbili za sahani hizo leo huziinamisha kwenye mwanga kabla ya kuteremsha sindano, kwani mfereji uliopauka huonyesha mahali ambapo wasikilizaji waliirudisha sindano mara nyingi.