Mrama, Kuti Kavu na "Mwisho wa Siku": Nahau za Kiingereza katika Kiswahili cha Amagoro

Wahakiki wa lugha aghalabu huzilaani nahau zilizotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza kwa hoja moja, kwamba taswira zake ni ngeni. "Kuvunja barafu", husemwa, hakuwezi kuwa Kiswahili kwa kuwa barafu si ya mazingira yetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hoja hiyo ni dhaifu, ijapokuwa hukumu yenyewe mara nyingi ni sahihi. Eneo la Amagoro, mpakani mwa Kenya na Uganda, ladhihirisha jambo hilo.

Watoto wengi wa Amagoro huanza na Kiteso, ambacho ni lugha ya Kiniloti, au mojawapo ya lugha za Kibantu za Waluhya. Kiswahili na Kiingereza huja baadaye, hasa shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mambo "yameenda mrama" na kwamba fulani "amekalia kuti kavu". Mrama ni kuyumba kwa chombo majini; kuti ni la mnazi. Malaba iko takriban kilomita 900 kutoka Mombasa kwa barabara. Kwa mwanafunzi huyo, jahazi na mnazi ni vigeni sawa na barafu. Hata hivyo "kwenda mrama" husemwa bara kote bila taabu. Ugeni wa taswira, basi, si kipimo.

Kipimo kifaacho ni hiki: maneno hayo tayari yanasema nini katika Kiswahili? Chukua "mwisho wa siku", ambayo Waingereza huitumia kwa maana ya "hatimaye" au "baada ya yote kuzingatiwa". Tuseme dereva wa lori aliyefika Malaba anaambiwa kwamba mzigo wake "mwisho wa siku utakaguliwa". Yeye ataelewa jioni na kusubiri. Msemaji alikusudia kwamba ukaguzi hauepukiki. Kadhalika "mkutano ulichukua nafasi" yamwacha msikilizaji akiuliza ni nafasi ya nani iliyochukuliwa. Kosa hapa ni kuziba maana iliyokuwapo, tena pasipo haja, maana "hatimaye" na "ulifanyika" yapo.

Hatari huzidi pale lugha mbili zinapokaribiana. Mwingereza atoaye siri husemwa kuwa amemwaga maharagwe. Kiswahili nacho kinaonya mtu asimwage mtama penye kuku wengi, kwa maana iyo hiyo. Lakini amwagaye unga amepoteza kazi. Nafaka ni nafaka, na kumwaga ni kumwaga. Ila maana haihami pamoja na picha. Mfasiri ategemeaye kamusi ya maneno pweke atamfukuza mtu kazi ilhali alitaka kumshtaki kwa umbea.

Yafaa isidhaniwe kwamba mpaka huu haujui kukopa. Neno "boda boda" husimuliwa kuwa lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria kati ya vituo viwili vya mpakani. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka lilichukuliwa, likatamkwa Kiswahili, likarudiwa. Leo lataja pikipiki za abiria hata katika miji isiyo na mpaka wowote. Halikuziba neno lolote, bali lilijaza pengo. Wasiokwenda shule kwa muda mrefu walikopa kwa busara, na "mwisho wa siku" ikaenezwa na wasomi na watangazaji.

Uzito wa suala hili ni mkubwa kuliko usafi wa lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi husomwa na raia ambao hawajui Kiingereza kilichojificha chini yake. Nahau ieleweka tu na mwenye kuirudisha katika Kiingereza humnyima raia huyo haki yake ya kuelewa. Mwalimu wa Amagoro, kabla ya kuipokea nahau au kuikataa, na aulize kwanza: asiyejua Kiingereza atasikia nini?