Pikapu Tupu: Uhakiki wa Kibandiko cha Dirishani

Pikapu mpya ya kawaida ikiuzwa Marekani huwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha, na sheria hairuhusu muuzaji kuibandua kabla gari halijafika mikononi mwa mnunuzi. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1958. Aliyeipigania ni Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na wauza magari bado wanaiita karatasi hiyo kwa jina lake. Mwanzoni ilitaja bei. Habari za mafuta ziliingia katikati ya miaka ya 1970, baada ya Waarabu kufunga bomba na Wamarekani kupanga foleni kwenye vituo vya mafuta. Naichukua hapa kama andiko lenye fani yake: nani anazungumza, nini kimepewa herufi kubwa, nani hakualikwa.

Tuchukue kibandiko cha Ford F-150 ya mwaka 2021, yenye injini ya lita 2.7 na inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Macho yanatua kwanza kwenye 22, tarakimu nene iliyosimama kando ya kijipicha cha pampu. Hizo ni maili kwa galoni moja, mji na barabara kuu vikiwa vimechanganywa. Pembeni yake, kwa umbo dogo zaidi, zipo 20 za mjini na 26 za barabara kuu. Chini yake, kwa herufi ambazo mzee atazitafutia miwani, imeandikwa kwamba gari linatumia galoni 4.5 kila maili 100.

Mpangilio huo una maana yake. Mstari mdogo ndio unaosema ukweli ulio karibu zaidi na mfuko, na ndio uliofichwa. Mwaka 2008 Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha katika jarida la Science jinsi maili kwa galoni zinavyopotosha hesabu ya kichwani. Pikapu inayotoka maili 12 hadi 15 kwa galoni inaokoa zaidi ya galoni moja na nusu katika kila maili 100. Gari dogo linalotoka 30 hadi 40 linaokoa chini ya galoni moja. Msomaji wa haraka ataona kuruka kwa 3 na kuruka kwa 10, na atampa tuzo asiyestahili. Kosa hilo linawaumiza wenye pikapu kuliko wengine wote, kwa sababu wao ndio wanaoishi chini kabisa ya kipimo, mahali ambapo kila maili moja ina uzito mkubwa. Nasi Afrika Mashariki hatujasalimika. Dereva wa Hilux akiulizwa lita moja inatembea kilomita ngapi, swali lina umbo lilelile na mtego uleule. (Ile 22 ya Ford, kwa kipimo chetu, ni kama kilomita 9.4 kwa lita.)

Tuje kwenye mandhari. Tarakimu hizi zilizaliwa ndani ya chumba. Gari hufungwa, magurudumu yake huzungusha mapipa ya chuma, na dereva hufuata mstari unaomwambia kwenye skrini lini aongeze mwendo na lini apunguze. Mafuta hukokotolewa kutokana na kaboni inayotoka kwenye ekzosi. Safari ya “barabara kuu” katika jaribio la zamani ina wastani wa maili 48 kwa saa na haivuki 60. Barabara kuu za Texas zingemcheka dereva huyo. Shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, lilitambua pengo hilo mapema. Kuanzia magari ya mwaka 1985 likawa linakata asilimia 10 ya matokeo ya mjini na asilimia 22 ya barabara kuu kabla ya kuyachapisha, na kuanzia yale ya 2008 likaongeza majaribio ya mwendo mkali unaofika maili 80, ya joto kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na ya baridi kali. Kwa hiyo kibandiko cha leo ni andiko lililohaririwa, tena limehaririwa vizuri. Mwenye pikapu tupu anayeendesha kwa utulivu mara nyingi ataona namba zake zikikaribiana na zile za dirishani. Kinachochekesha ni kwamba serikali, inapopima kama kampuni imetimiza viwango vya kitaifa vya matumizi ya mafuta, huchukua matokeo ya majaribio mawili ya kale bila kuyakata. Pikapu moja ina maandiko mawili, na lile la faraja zaidi husomwa na wanasheria.

Nimesema pikapu tupu, na hapo ndipo fani yenyewe inapojifunua. Katika chumba kile gari hupimwa kwa uzito wake mtupu pamoja na ratili 300, yaani kilo 136. Hao ni watu wawili, mmoja wao mwembamba. Nyuma hakuna saruji, hakuna mbao, hakuna tela. Tamthilia nzima inamhusu mbebaji, na imeigizwa bila mzigo.

Sasa tusome sentensi ya tahadhari iliyo chini ya karatasi. Inasema, kwa ufupi, kwamba matokeo halisi yatatofautiana kwa sababu nyingi, zikiwemo hali za barabarani na jinsi unavyoendesha na kulitunza gari lako. Angalia nafsi zake. Sentensi yote haina mtendaji mpaka inapofika kwenye lawama, na hapo ghafla “wewe” unaingia: unaendesha, unatunza. Mzigo umemezwa ndani ya “sababu nyingi”. Mtu aliyenunua pikapu kwa ajili ya kuvuta, akaona namba zake zimeanguka, anaambiwa kwa upole achunguze mguu wake wa kulia.

Kibandiko cha kabla ya mwaka 2013 kilikuwa na adabu zaidi katika jambo moja. Chini ya kila namba kubwa kiliweka mipaka miwili na kueleza kwamba madereva wengi wangeangukia kati ya hapa na pale. Toleo jipya, lililoidhinishwa mwaka 2011, liliondoa upana huo na kubakiza namba moja inayojiamini. Faida ilikuwepo, maana ule mstari wa galoni kwa maili 100 uliingia hapo. Lakini kutoka msimulizi anayekiri kwamba hajui yote hadi msimulizi anayejua ni badiliko kubwa la sauti, na nadhani lilikuwa badiliko baya. Kuhusu pendekezo la mwaka 2010 la kuyapa magari alama za shule, A hadi D, lililotupwa baada ya watengenezaji kupinga, sikulisikitikia: pikapu ingepata alama ya chini na msomaji asingesoma mstari wa pili.

Mzigo unafanya nini hasa? Ukifunga karavani ndefu, yenye kifua kipana, nyuma ya pikapu ya kawaida, matumizi yanaweza kukaribia mara mbili. Uzito huumiza kwenye milima na kila unapoondoka taa ikiwa kijani, lakini kwenye tambarare adui ni upepo: nguvu inayohitajika kuupasua hukua kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka maili 55 hadi 70 kwa saa sehemu hiyo ya kazi huongezeka maradufu. Injini ndogo zenye turbo, ambazo chumbani huonekana zina kiasi, zikisukumwa hivyo hula kama zile kubwa zilizochukua nafasi yake. Haibridi nayo hupoteza uchawi wake. Ford Maverick ya haibridi ya mwaka 2022 iliandikiwa 42 mjini na 33 barabara kuu, mpangilio wa kawaida ukiwa umegeuzwa, kwa sababu faida yake iko katika kusimama na kuondoka, breki zikirudisha umeme. Safari ya saa nne bila kusimama, tela likiwa nyuma, haina cha kurudisha.

Zipo pia pikapu zisizo na andiko kabisa. Zile ambazo uzito wao wa juu unaoruhusiwa, pamoja na mzigo, unapita ratili 8,500, kama Ford F-250 na Ram 2500, sheria haizidai namba za mafuta. Anayebeba zaidi ndiye asiyeambiwa kitu. Kwa hiyo wenye magari hayo hujiandikia: wanajaza tanki mpaka bomba likate lenyewe, wanasoma saa ya maili, wanagawanya, wanaweka alama pembeni, “tela”, “upepo”, “baridi”. Kama uandishi naipenda kumbukumbu hiyo kuliko kibandiko. Haina sauti ya kushawishi, safu zake zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na hakuna namba iliyopewa herufi nene. Kompyuta ya dashibodi ingeweza kuirithi kazi hiyo, ila mara nyingi ina matumaini kuliko pampu.

Wala haiwezi kusemwa kwamba gari lenye mzigo halipimiki. Kampuni zinapotangaza uwezo wa kuvuta, na F-150 za mwaka 2021 zilitangaziwa hadi ratili 14,000, kuna kanuni ya wahandisi iitwayo J2807. Inataja barabara halisi, mpando wa Davis Dam huko Arizona, maili 11.4 za kupanda jangwani, kwenye joto linalofika nyuzi 38 za Selsiasi, kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho na tela likiwa limejaa, na pikapu ya kawaida hairuhusiwi kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Gari likishapanda, mnunuzi hutangaziwa ratili lilizoweza kuvuta, lakini hatangaziwi galoni lilizotumia.