Paje, mwezi 8, saa 4 asubuhi

Kosa lilikuwa la tarehe. Chuo kimoja kiliwaleta wanafunzi Paje kusoma ushairi wa bahari pamoja na ikolojia ya mwani, saa 4 asubuhi, mwezi mwandamo 8. Maji mafu! Saa ile, siku kama ile, bahari imejaa. Vigingi na kamba vyote viko chini ya maji, na kina mama wenye mashamba wako majumbani.

Wangesubiri wiki moja tu. Mwezi 15, saa 4 ile ile, maji ya bamvu yanatoka mpaka unatembea kwa miguu kuelekea mwambani. Lakini mwalimu wa fasihi aliwakalisha chini ya mivinje, akawaambia wavute taswira ya mashamba, kisha akauliza: "Tashihisi iko wapi?" Nimelilalamikia hili miaka mingi. Tumelifanya shairi kuwa jedwali la fani na maudhui, na sasa jedwali lenyewe tunalibeba mpaka pwani. Mama mmoja aliyekuwa akianua mwani alisimama. "Mwalimu, leo maji mafu. Mngekuja bamvu." Mwalimu akashukuru, akarudi kwenye tashihisi.

Hapo ndipo somo lilipopotea. Bamvu na maji mafu ni maneno yaliyobeba mwezi, kina cha maji na ratiba ya kazi ya wanawake wa Paje tangu kilimo cha mwani wa biashara kilipoanza hapo mwaka 1989. Mshairi akiyafanya istiari, utaifunguaje bila kujua siku gani mtu anaingia shambani na siku gani anabaki nyumbani?

Mwalimu wa ikolojia, kwa upande wake, alieleza vizuri kwa nini mwani aina ya kotonii hufa maji yakipata joto na ule wa spinosamu hustahimili.

Mshairi Haji Gora Haji wa Tumbatu, yeye aliijua bahari kwa kuifanyia kazi. Diwani yake ya 1994 aliiita Kimbunga, na baadaye akakusanya kamusi ya Kitumbatu, kwa kuwa kwake shairi na jina la kitu havikuachana. Mtu wa aina ile angetazama mwezi kwanza, ndipo akodi gari.

Mama yule aliacha taitai mbili juu ya mkeka, zile kamba nyembamba za kufungia mche wa mwani. Mwanafunzi mmoja akaizungusha moja kidoleni, akauliza fundo lake linafungwaje ili wimbi lisiling'oe. Akaambiwa muda umekwisha, gari linangoja.