Mwandishi asiyekiona kitabu chake

Mtu akipita usiku karibu na nyumba yangu na kuona taa inawaka, kesho yake huniuliza: «Mwalimu, waandika nini?» Nikijibu kwamba ni hadithi ndefu, auliza mara ya pili: «Utaiuza faranga ngapi?» Swali hili si baya. Baba wa watoto watano hana ruhusa ya kulicheka. Lakini mwaka uliopita lilinichoma, maana nyumba moja ya kupiga chapa vitabu ilinirudishia daftari zangu pamoja na barua fupi. Barua ilisema hadithi yatembea polepole, haina mapenzi ya vijana wala mauaji, wanunuzi hawataitaka. Nikaweka daftari sandukuni, chini ya nguo.

Siku zile Padri mmoja aliniazima kitabu cha Kifaransa kiitwacho Le Guépard, ni kusema Duma. Kwa Kiitaliano, lugha yake ya kwanza, chaitwa Il Gattopardo. Aliyekiandika ni Giuseppe Tomasi di Lampedusa. Nimekisoma mara mbili, na nataka kusema habari zake, maana nafikiri chajibu swali la faranga, ingawa si kwa namna niliyotazamia.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, mwaka wa 1896, katika ukoo wa watukufu ambao mali yao ilikuwa ikipungua. Maisha yake yote alisoma. Asubuhi alitoka na mfuko wa vitabu, akaketi katika mikahawa ya mji, akala keki, akasoma. Alipofika umri wa miaka 57 alikuwa ametoa makala tatu tu, katika gazeti moja la Genova, miaka 1926 na 1927. Mtu kama huyu kwetu angeitwa mvivu, na labda hata kule waliomwita hivyo hawakukosa.

Mwaka wa 1954 binamu yake, Lucio Piccolo, alimpelekea Eugenio Montale, mshairi mwenye sifa, mashairi yake kwa posta. Stampu hazikutosha, Montale akalipa deni mwenyewe. Hata hivyo aliyasoma, akapendezwa, akamwalika Piccolo kwenye mkutano wa waandishi huko San Pellegrino Terme, kaskazini ya Italia. Lampedusa alimsindikiza. Aliona namna binamu yake anavyosifiwa, akarudi nyumbani, akaanza kuandika. Baadaye alimwambia rafiki yake kwa barua kwamba alijiona si mjinga kumpita binamu, basi akaketi mezani.

Mwaona? Mwanzo haukuwa furaha safi. Ulikuwa wivu kidogo, wa ndugu kwa ndugu. Tusiwafanye waandishi kuwa malaika. Lakini wivu waweza kumketisha mtu mezani juma moja, labda mawili. Yeye alikaa zaidi ya miaka miwili, na alipokufa alikuwa angali na hadithi nyingine mkononi. Kitu kingine kilimshika, nacho chaonekana katika kitabu chenyewe.

Kitabu chaanza Mei 1860, jamaa wakimaliza Rozari sebuleni. Siku hizo Garibaldi ashuka Sisilia na watu wake elfu moja, na ufalme wa zamani waanguka. Don Fabrizio, Prinsi wa Salina, mtu mkubwa wa mwili na mpenda nyota, aona dunia yake yapita. Mpwa wake Tancredi ajiunga na Garibaldi, kisha aposa Angelica, binti wa Don Calogero, tajiri mpya ambaye hajazoea hata koti la sherehe. Ndiyo hadithi yote, au karibu yote. Mwenye kutafuta vita atasikia vita kwa mbali tu, kama ngoma ya kijiji kingine. Na wazazi wajue kwamba si kitabu cha watoto: usiku uleule wa Rozari, Prinsi apanda gari la farasi kwenda mjini kwa mwanamke, na Padri Pirrone ameketi kando yake!

Basi, kwa kipimo cha ile barua yangu, kitabu hiki kina makosa mengi. Kuna sura nzima ya Padri Pirrone kwenda kijijini kwao kupatanisha ugomvi wa jamaa juu ya shamba la milozi. Ukiitoa, hadithi ya Prinsi haipungui kitu. Ndani ya sura hiyo Padri aeleza kwa urefu mambo ya watukufu kwa mzee mmoja mchuma dawa, na mzee asinzia Padri angali akisema. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, nikikumbuka mafundisho yangu ya saa nane mchana. Muuzaji angeikata sura hiyo. Mimi nisingekubali ikatwe hata mstari.

Kuna na mbwa, jina lake Bendicò. Afukua bustani, aingia chumbani bila kuitwa, na katika sura ya mwisho, mwaka wa 1910, miaka mingi baada ya kufa, ngozi yake iliyojazwa na kuliwa na nondo yatupwa takatakani. Lampedusa alimwandikia rafiki mwingine kwamba mbwa huyu ni mtu mkubwa katika kitabu, karibu ndiye ufunguo wake. Ni mnunuzi gani aliyemwomba mbwa?

Lakini pahali paliponishika zaidi ni katika sura ya dansi, mwaka wa 1862. Prinsi amechoka, atazama juu. Darini imechorwa miungu ya kale, nayo yajidhani ya milele. Mara mwandishi avunja hadithi yake mwenyewe, asema kwamba bomu lililotengenezwa Pittsburgh, Marekani, litaionyesha kinyume mwaka wa 1943. Mwalimu wa uandishi angepiga mstari mwekundu hapo: tuko mwaka wa 1862, bomu latoka wapi? Lakini Aprili 1943 mabomu ya Wamarekani yalibomoa nyumba ya Lampedusa huko Palermo, ile nyumba alimozaliwa. Alikuwa na haja ya kulisema, akalisema palipo na dansi na taa na muziki, kwa sauti ya chini, kisha akaendelea na dansi. Mstari ule hauongezi bei ya kitabu. Kwangu ndio mstari uliolipa kitabu chote.

Rafiki yangu mfanyabiashara alinipinga. «Ndugu Mwalimu, yule alikuwa prinsi. Hata kama nyumba yake iliharibiwa, alipata nyingine, hakuajiriwa na mtu, alikula keki. Mwenye kushiba aweza kuandika kwa furaha.» Ni kweli, sina budi kukubali. Ndiyo maana nilimtajia Amos Tutuola wa Nijeria, aliyesoma shule miaka michache tu, akawa tarishi wa ofisi ya kazi huko Lagos. Saa nyingi hakuwa na la kufanya, basi akaandika kwa penseli juu ya karatasi za ofisi. Hadithi yake ya mnywa mvinyo wa mitende ilitolewa London mwaka wa 1952, na mwaka wa 1953 Raymond Queneau akaitia katika Kifaransa. Huyu hakula keki. Rafiki yangu akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Lakini mshahara alikuwa nao.» Naye ana haki hapo.

Sasa nije kwenye jambo nililokuwa sijaelewa. Nilifikiri kwamba mwenye kuandika kwa furaha hajali kusomwa. Lampedusa alijali sana. Nyumba ya Mondadori ilimkatalia. Kisha Elio Vittorini, kwa jina la nyumba ya Einaudi, alimkatalia kwa barua ya Julai 1957, wakati Lampedusa alipokuwa Roma akiugua kansa ya mapafu. Alikufa tarehe 23 ya mwezi uleule. Giorgio Bassani alikishughulikia kitabu, nyumba ya Feltrinelli ikakitoa Novemba 1958, mwaka wa 1959 kikapata tuzo ya Strega, watu wakakigombea, na mwaka wa 1963 Luchino Visconti akakifanyia filamu. Mwenyewe hakuona hata nakala moja.

Lakini Mei 1957, katika barua ya wosia, alikuwa amewaomba jamaa wajitahidi kitabu kipigwe chapa, akakataza wasikilipie kwa fedha zao, maana ingekuwa aibu kubwa kwake. Nimelifikiri neno hilo siku nyingi. Hakutaka wanunuzi wa kubembelezwa, wala msomaji wa kununuliwa. Alitaka mtu asiyemjua akitake kitabu kwa hiari yake. Na kabla ya huyo asiyemjua, alikuwa na wachache waliomjua: vijana aliowafundisha bure vitabu vya Uingereza na Ufaransa nyumbani kwake. Mmoja wao, Francesco Orlando, alipiga taipu, naye mwandishi akimsomea. Msomaji alikuwapo, ameketi chumbani, wakati Milano wakikataa.

Nimetoa daftari zangu sandukuni. Sijabadili neno, isipokuwa sura ya pili iliyokuwa ndefu bure. Katika hilo barua ilisema kweli, na niliikasirikia kwa haraka. Jumapili jioni nawasomea majirani wanne au watano, na mmoja husinzia kama yule mzee mchuma dawa. Mama Yozefu alikuwa akinung'unika kwa ajili ya petroli ya taa. Juzi alinunua chupa bila kuambiwa, akaiweka mezani, akauliza: «Baba Yozefu, yule mzee wa sura ya tatu atavuka mto, au atarudi?» Sikumjibu, kwa maana mimi mwenyewe bado sijajua.