Kisu cha Mrithi

Kwa Baganda, msiba hauishii makaburini. Huisha siku ya okwabya olumbe, ukoo unapokusanyika kumsimika mrithi mbele ya watu. Mwanamume anayerithi huvishwa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, akakabidhiwa mkuki. Mwanamke hukabidhiwa kisu. Mkuki ukitoka hapo huegeshwa ukutani, lakini kisu kina kazi inayokingoja: kesho yake kinaweza kuwa jikoni kikimenya matoke. Nakipenda kwa sababu hiyo. Katika vyote anavyoacha mzazi, hiki ni kidogo, hakipelekwi mahakamani kama kiwanja, na bado kinaendelea kuilisha nyumba.

Anayekabidhiwa kisu cha zamani hushikwa na hamu ya kukisugua king'ae. Aizuie hamu hiyo. Kisu hakina cheti cha kuzaliwa. Habari zake zote zimeandikwa juu ya chuma na mpini, na msasa hufuta kwa dakika kumi yaliyoandikwa kwa miaka themanini. Kwanza kisomwe.

Kiweke juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, ukigeuze taratibu mwanga ukipita juu ya bapa. Kama ni kazi ya mhunzi wa kale, utaona mistari myembamba inayokimbia kwa urefu, kama nyuzi za ubao uliopasuliwa. Chuma hicho hakikuwahi kuyeyuka kikawa uji. Kilipikwa katika tanuru la udongo kwa makaa ya miti, mivukuto ya ngozi ikipuliza, kikatoka bonge lenye matundu lililojaa mavi ya chuma. Mhunzi alilirudisha motoni na kulipiga, tena na tena, hadi uchafu ukatoka na chuma kikashikana. Mistari ile ni mabaki ya uchafu uliokataa kutoka. Wahunzi wa ufalme wa Bunyoro walisifika kwa kazi hiyo katika nchi zote za Maziwa Makuu, na majembe yao yaliuzwa mbali.

Ukikuta bapa limenyooka sawasawa na muhuri umepigwa karibu na mpini, kisu kimesafiri. Huenda ni cha Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani. Nyota na msalaba vikikaa pamoja ni alama ya Joseph Rodgers wa Sheffield. Jina la nchi nalo lina faida: sheria ya Uingereza ya 1887 iliwabana watengenezaji wa nje waliouza huko waonyeshe bidhaa zao zilikotoka, kwa hiyo neno "Germany" juu ya chuma kwa kawaida huashiria miaka iliyofuata.

Aina ya tatu ndiyo inayodharauliwa bure. Ni kisu kilichofuliwa na fundi wa hapa kutokana na springi ya gari au tupa iliyochakaa. Cha tupa mara nyingi hujitambulisha chenyewe, kwa kuwa meno ya tupa hayakuisha yote na yanaonekana karibu na mgongo wa kisu. Fundi huyo alijua kwamba chuma cha springi hukubali kuzimwa majini au kwenye mafuta kikawa kigumu, jambo ambalo chuma laini cha tanuru kwa kawaida hakiliwezi. Huo ni ujuzi uleule wa mababu umekutana na chuma kipya.

Ukitaka kulinganisha, panda hadi Makumbusho ya Uganda kwenye Barabara ya Kira. Yalianzishwa 1908 katika ngome ya afisa Mwingereza Lugard pale Old Kampala, na yako katika jengo la sasa tangu 1954. Tafuta pia kitabu cha 1953 cha Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, na Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho hayo. Kinahusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, na kitakuzoesha kuangalia umbo, mpini na namna vilivyounganishwa.

Ukishajua ulichonacho, tazama rangi. Wekundu unaotoka unga ukiupitishia kidole ni kutu hai, huo unakula. Weusi uliotulia, ulioshikana na chuma, ni jambo jingine kabisa. Menya matoke mabichi kwa kisu kisicho cha chuma cha pua na utaona: utomvu ukikauka unaacha doa la kijivu, kisha jeusi, kwa sababu tanini iliyomo inaungana na chuma. Wahifadhi wa makumbusho hutumia asidi ya tanini kutuliza kutu. Kumbe weusi tunaoukwangua kwa aibu ni ngao, iliyojengwa ndizi baada ya ndizi na mikono ya marehemu. Uache.

Kutu nyekundu iondoe kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani na kijiti cha mwanzi, bila haraka. Ndimu, siki na brashi ya waya visikaribie. Kampala ina misimu miwili ya mvua na ziwa liko jirani. Hewa ikipita asilimia 60 ya unyevu, chuma kilicho uchi huanza kuharibika upesi. Kipake mafuta kiasi cha kuacha ung'avu tu. Kama bado kinamenya chakula, tumia parafini nyeupe ya duka la dawa, si mafuta ya taa. Mafuta ya kupikia yataganda na kunata. Mpini upakwe nta ya nyuki, usilowekwe majini. Na kisu kisilale ndani ya ala ya ngozi wala mfuko wa plastiki, kwani vyote hufuga unyevu.

Kuna jambo moja ambalo ningemsihi kila mrithi: asimpe kisu chake mnoaji wa jiwe la kuzungushwa kwa kanyagio. Jiwe hilo hula chuma kingi, na makali yakipata joto hadi yakageuka buluu, ugumu aliouweka mhunzi umekwisha. Tumia kinoo na maji. Ukinoa, angalia makali yameliwa zaidi upande gani na tumbo la kisu limebonyea wapi. Hapo unauona mkono uliokuwa ukikinoa, na ndipo nawe unapofuata.

Masimulizi ya Baganda yanamkumbuka mhunzi Walukaga, aliyeamriwa na mfalme afue mtu aliye hai. Akakubali kwa sharti: aletewe makaa ya nywele za watu, na machozi badala ya maji. Mfalme aliposhindwa kuvipata, amri ikafa. Walukaga aliijua mipaka ya chuma chake, na utunzaji mzuri ni ujuzi huohuo: kujua chuma kinakubali nini na kinakataa nini. Ndiyo maana naiita kazi ya mrithi nusu ya pili ya uhunzi.

Nusu ya kwanza nayo inahitaji wateja. Macho yaliyozoea kusoma kisu cha bibi yanaweza kumpima fundi wa Katwe, Kampala, leo: mgongo umenyooka? Msuka umeshika mpini sawasawa? Makali yamezimwa vizuri? Basi mrithi aandike alichokipokea, kwa nani na lini, kisha ateremke Katwe na springi mkononi, aagize kisu kipya kwa ajili ya binti yake.