Kutambua Turbo ya Mtumba Ilitengenezwa kwa Gari Gani

Turbo ni kifaa kinachotumia nguvu ya moshi wa injini kuzungusha feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja, ya kwanza ikisukumwa na moshi huo na ya pili ikishindilia hewa ndani ya injini ili mafuta yaungue vizuri zaidi. Makambako, ambako barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi, gari linalotoka kata ya Kitandililo likiwa na shehena ya mbao au viazi huitegemea turbo kuliko lile linalotembea Pwani. Turbo mpya ni ghali, hivyo wengi hununua ya mtumba, ambayo mara nyingi hufika kwa muuzaji ikiwa imekwisha kung'olewa kwenye injini yake, na huuzwa kwa jina la gari lolote ambalo mnunuzi amelitaja.

Ushahidi wa kwanza ni kibati, yaani kipande chembamba cha bati chenye namba, ambacho kwa kawaida hubanwa kwenye ganda la upande wa hewa. Namba ya Toyota huanza na 17201 na ya Nissan huanza na 14411. Katika namba za Toyota za miaka ya nyuma, tarakimu mbili zinazofuata kistari huelekeza kwenye ukoo wa injini: 17201-54060 ni ya 2L-T, 17201-67010 ni ya 1KZ-T, na 17201-17010 ni ya 1HD-T, injini ya lita 4.2 ya Land Cruiser.

Jina la muundo wa turbo, kama CT26, peke yake halitoshi. CT26 ilifungwa kwenye 1HD-T ya dizeli, lakini pia kwenye 7M-GTE ya petroli ya Supra, kwa hiyo anayenunua kwa kuangalia maandishi ya CT26 tu anaweza kupata turbo isiyofaa gari lake. Vilevile, injini ya 1HZ, iliyoenea sana katika Land Cruiser za Tanzania, haikutoka kiwandani na turbo. Inayouzwa kama turbo halisi ya 1HZ ama iliongezwa baadaye, ama imepewa jina lisilo lake.

Baadhi ya vibati hubeba namba ya mtengenezaji wa turbo badala ya ile ya mtengenezaji wa gari. Ya Garrett huwa na tarakimu sita, kistari, kisha tarakimu nyingine. Ya Mitsubishi huanza na 49. Na Holset, kampuni ya Huddersfield, Uingereza, iliyonunuliwa na Cummins mwaka 1973, huonekana zaidi kwenye injini za malori. Namba hizo husomwa kwa katalogi. Namba zilizotuna kwenye chuma chenyewe ni za ganda lililosubuliwa, si za turbo nzima, na ganda la aina moja laweza kutumika kwenye turbo kadhaa.

Ushahidi wa pili ni umbo. Huhesabiwa matundu ya bolti pale turbo inapokaa kwenye manifodi, hupimwa umbali kati yake, na huangaliwa kama kuna njia za maji ya kupoza au za oili pekee. Turbo ya CT16V ya injini ya 1KD, lita 3.0, ina vipande vinavyogeuka kuelekeza moshi pamoja na mota ya umeme inayoviendesha, ilhali CT16 ya kawaida ya 2KD, lita 2.5, haina vitu hivyo, ingawa zote mbili huitwa za Hilux. Mwelekeo wa mdomo wa hewa hauaminiki sana, kwa sababu ganda hilo huweza kulegezwa na kuzungushwa.

Kibati chenye riveti mpya juu ya ganda lililochakaa ni cha kutiliwa shaka, na namba isiyolingana na umbo huonyesha kuwa turbo imeunganishwa kwa vipande vya magari tofauti. Turbo ya namna hiyo, hata kama shafti yake haichezi, ilipiwe bei ya vipuri tu. Mnunuzi aifungue kwanza turbo yake iliyoharibika na kwenda nayo sokoni, azilinganishe kibati kwa kibati na tundu kwa tundu kabla ya kutoa fedha.